‘Kilowati’ si ‘kilowati-saa’: Kasoro katika ripoti za nishati

Majuzi niliombwa kupitia Kiswahili cha ripoti ya ushauri wa nishati ya jengo moja la umma. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 zilitaka majengo na viwanda vilivyotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka vikaguliwe kila miaka mitatu. Majedwali ya ripoti hiyo ni safi. Lugha ndiyo iliyonitatiza.

Mosi, kipimo. Eti jengo ‘lilitumia kilowati 20,000 mwezi Machi’. Sivyo! Kilowati hupima kasi ya kutumia nishati. Tunacholipia ni kilowati-saa, ile tunayoiita uniti. Balbu kumi za wati 100 zikiwaka kwa saa kumi hula uniti kumi. Zikiachwa saa ishirini, hula ishirini. Ukiliondoa neno ‘saa’, msomaji atadhani dawa ni kubadilisha balbu tu, kumbe hata kuzizima mapema kunapunguza bili.

Pili, mtenda hayupo. ‘Inapendekezwa hatua stahiki zichukuliwe.’ Na nani? Lini? Nilimsomea mtunzaji wa jengo akacheka: “Sasa mwalimu, hapo mimi nifanye nini?” Ingeandikwa hivi: ‘Mtunzaji azime taa za ukumbi kila siku saa kumi na moja jioni.’ Hapo kazi imepata mwenyewe.

Ripoti hizi hulipiwa kwa kodi yetu. Zisipoeleweka, zitalala kabatini huku stima ikiendelea kuliwa.