Kufukuzwa na Kupokewa: Habari za Rama na za Mbega

Husemwa mara kwa mara kwamba hadithi za mataifa yote ni moja, nazo hutofautiana kwa majina tu. Kauli hiyo hupendwa hasa siku za sikukuu, watu wa dini mbalimbali wakutanapo kusimuliana ya kale. Ni kauli ya wema, lakini mhakiki hana budi kuipima. Usambara ni mahali pafaapo kuipimia, kwani nchi hiyo ina habari yake yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo yaweza kuwekwa kando ya ile isimuliwayo na Wahindu katika Diwali.

Kwanza yafaa kutenganisha ngano na habari. Ngano husafiri bila mizigo. Edward Steere alipochapa mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, mojawapo ilikuwa Kisa cha Punda wa Dobi: papa autaka moyo wa kima, naye kima ajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hicho, pamoja na kile cha punda asiye na moyo wala masikio, kimo katika Panchatantra ya Kisanskriti, ila huko mnyama wa majini ni mamba. Mamba amekuwa papa, wala hakuna msikilizaji wa pwani aliyehitaji kuulizia asili yake.

Habari haisafiri hivyo. Abdallah bin Hemedi Liajjemy alikiita kitabu chake Habari za Wakilindi, wala hakukiita hadithi. Kilianza kuchapwa Magila mwaka 1895, kikatolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962. Wahindu nao huihesabu Ramayana kuwa itihasa, neno ambalo maana yake ni "hivyo ndivyo ilivyokuwa". Maneno haya mawili yadai jambo moja: msikilizaji asistarehe tu, bali akiri kwamba yasemwayo yamhusu.

Kufanana kwa habari hizi ni dhahiri. Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, ahamishwa mwituni miaka 14 kwa sababu mama yake wa kambo, Kaikeyi, amtakia mwanawe Bharata kiti. Mbega wa Ngulu, kigego aliyeota meno ya juu kwanza, anyimwa urithi na jamaa zake na kuogopwa kama mchawi, hata akakimbia. Wote wawili wakaa porini. Wote wawili waishia katika ufalme. Msimulizi mwepesi angesimama hapo na kusema kwamba Mbega ndiye Rama wa Usambara. Angekosea.

Rama arudi kwao. Ravana ameshindwa Lanka, Sita amekombolewa, na taa za Diwali, kwa maelezo yaliyoenea hasa kaskazini ya India, zaukumbuka usiku wa kurudi kwake. Mbega harudi Ngulu kamwe. Awagawia watu wa milimani nyama ya nguruwe, nao wampa vyakula vya shambani. Amwua simba, na watu wa Vuga wamtawaza wakimwita Simba Mwene. Habari ya kwanza ni ya haki iliyorejeshwa. Ya pili ni ya mgeni aliyepokewa.

Tofauti hiyo yagusa jambo zito. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat. Reli ya Tanga ilipofika Mombo, chini ya milima ya Lushoto, mwaka 1905, wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa miongoni mwa walioifuata. Basi kila mwaka watu ambao wazee wao hawakurudi huwasha taa za kurudi. Lakini desturi ya Gujarat ina upande mwingine: vitabu vya hesabu hufanyiwa ibada, na kesho yake mwaka mpya huanza. Vitabu hivyo hufunguliwa pale mtu alipo, si kule alikotoka. Katika taa yumo Rama; katika vitabu yumo jirani ya Mbega. Azichanganyaye habari hizi huliua swali lililo bora kuliko yote: je, ugeni huisha kwa kurudi, ama kwa kupokewa?

Wala Mbega asisomwe kwa pupa. Liajjemy aliishi karibu na watawala, na habari ya mgeni aliyeombwa atawale ni hoja ya wenye kiti. Kitabu kicho hicho chaeleza kiva, yaani jinsi Wabondei walivyowaasi Wakilindi baada ya Kimweri za Nyumbai kufariki mwaka 1862. Ramayana nayo ina lalamiko lake: Sita, aliyerudi pamoja na mumewe, afukuzwa tena katika kitabu cha mwisho. Kurudi hakukumtosha yeye, kama kupokea kulivyowageukia Wabondei.

Sanaa za mkono zafundisha njia ifaayo. Rangoli ya unga wa rangi huchorwa sakafuni. Sanamu za udongo za Usambara, alizozieleza Hans Cory mwaka 1956, zilionyeshwa wari pamoja na nyimbo zake. Hapana achanganyaye unga na udongo ili apate sanaa moja. Na zisimuliwe habari hizi vivyo hivyo, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili kimoja, kila moja ikiwa na lalamiko lake. Sikukuu haitapungukiwa na kitu, na wasikilizaji watakuwa na la kuulizana.