Tanuru Lisilo na Mvukuto

Jua la Sumbawanga ni laghai. Mji uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wa milima ya Mbizi huwavisha watu makoti mchana kweupe, na mkulima wa maharage mwenye ualbino anaweza kushinda shambani asihisi kwamba ngozi yake inaungua. Kumbe kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi ya kuchoma ngozi kwa asilimia 10 hivi. Kofia ya pama na losheni huku si urembo.

Jina la mji, wasemavyo Wafipa, maana yake ni tupa uchawi. Februari 2013 jina hilo liligeuka kejeli: mkoani Rukwa, ulipo mji huu, mwanamke mmoja na mtoto mmoja, wote wenye ualbino, walikatwa mikono na watu wanaoamini kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri. Machi 2015 ikawa zamu ya mtoto wa miaka sita, mkoani humohumo.

Mwezi uleule, huko Geneva, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliunda nafasi ya mtaalamu huru wa haki za watu wenye ualbino. Aliyeipata kwanza ni Ikponwosa Ero, mwanasheria kutoka Nigeria, naye mwenyewe ana ualbino. Alianza Agosti 2015. Kanuni ilimpa miaka sita, basi. Tangu siku ya kwanza alijua ataaga lini.

Hapo ndipo ulipo ufundi unaostahili sifa. Wenyeviti wetu tunawajua: mhuri mfukoni, daftari la wanachama chini ya godoro, na siku mmoja wao akiugua, chama nacho kinalala. Ero alifanya kazi kama wahunzi wa kale wa hapa Ufipa. Tanuru lao, ilungu, lilijengwa kwa udongo, refu kupita kimo cha mtu, likiwa na matundu chini. Mhunzi alipanga mkaa na mawe ya chuma, akawasha, na hapakuwa na mtu wa kuvukuta: urefu wa tanuru wenyewe ulivuta hewa, moto ukajiendesha siku kadhaa. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuru dogo la kusafishia chuma. Mabaki ya malungu hayo yangalipo uwandani.

Ilungu la Ero lilikuwa la karatasi. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliridhia mpango wa bara zima alioupigania, na Umoja wa Afrika ukauendeleza kwa mpango wa 2021 hadi 2031, yaani miaka kumi inayoanza mwaka uleule alioondoka. Julai 2017 alifika Tanzania, nchi ambayo sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 16,000 wenye ualbino. Na Julai 2021, wiki chache kabla Ero hajakabidhi ofisi, Baraza lilipitisha azimio namba 47/8, la kwanza kulaani madhara yatokanayo na tuhuma za uchawi na mashambulizi ya kishirikina. Kwa mtu wa Sumbawanga, ni kama Geneva imejifunza Kifipa.

Azimio, ni kweli, halimpaki mtu losheni. Losheni ya Kilisun hutengenezwa Moshi, na kutoka Moshi hadi Ufipa ni safari ya kuchosha hata kwa chupa. Lakini anayeidai losheni kama haki yake, wala si sadaka, sasa ana karatasi ya kushika mkononi.

Aliyepokea kijiti ni Muluka-Anne Miti-Drummond wa Zambia, nchi ambayo malori ya mahindi ya Sumbawanga huifahamu vyema. Alianza Agosti 2021. Agosti huku mvua hakuna: upepo mkali, makoti, anga bila wingu hata moja, na jua lilelile.