Boriti, Mwale au Mkondo? Uhakiki wa Istilahi za Uzalishaji wa Muoni kwa Msomaji wa Ng'ambo

Sehemu hii inahakiki namna Kiswahili kinavyotaja muoni zinazoandaliwa kwa vichapuzi vya chembe kwa ajili ya majaribio ya fizikia. Neno la Kiingereza linalohusika hubeba maana ya mti wa kujengea na pia ya mwanga. Tafsiri ya haraka, hasa ya mashine, huweza kutoa "boriti ya muoni". Kwa mkaazi wa Ng'ambo, boriti ni mti wa mkoko uliobeba dari. Kazi yake ni kutulia. Istilahi hiyo inaanguka bila ya hoja ndefu.

"Mwale" ni mshindani mzito zaidi, lakini nao unapotosha, kwani mwale hutoka wenyewe kwenye jua au taa. Katika Taasisi ya Paul Scherrer, Villigen, Uswisi, protoni zenye nishati ya elektronivolti milioni 590 huvurumishwa kwenye gurudumu la grafiti linalozunguka. Kinachozaliwa pale ni pioni. Pioni chanya huishi kwa wastani wa nanosekunde 26, kisha hugeuka kuwa muoni na nyutrino. Zile zilizosimama karibu na uso wa grafiti hutoa muoni za elektronivolti milioni 4 hivi, zikitawanyika kila upande. Sumaku hukusanya sehemu yake na kuiongoza hadi kwenye jaribio, na haraka inahitajika: uhai wa muoni ni wastani wa mikrosekunde 2.2. Kitu kinachokusanywa na kuongozwa hivyo ni mkondo. Pingamizi kwamba mkondo ni wa maji au umeme halina nguvu. Muoni nazo zina chaji.

Kitenzi "kuzalisha" tunakiunga mkono, pengine kwa sababu ambayo watumiaji wake hawakuikusudia: mkunga naye huzalisha, na mtoto si wake.

Hata hivyo, tatizo la msingi haliko kwenye kamusi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Istilahi isiyotamkwa skuli haipati wa kuisahihisha, hata ikiwa kitu chenyewe kipo mtaani. Kwani miale ya kosmiki inapogonga hewa ya juu huzaa muoni pia, na takribani moja kwa kila sentimita mraba hushuka kila dakika, zikipenya zege la majumba ya Michenzani. Hizo hakuna aliyezikusanya wala kuziongoza, hivyo haziwezi kuitwa mkondo. Tunapendekeza "manyunyu ya muoni".