Skrubu Mbili Zilizobaki Mezani

Waya wa nyumba hauingii kwenye randa ya umeme. Nalisema mapema, maana mliokuwa pale mwaloni Kirumba mliona nilichoona: randa ya milimita 82, wati 580, imefunguliwa mezani, na fundi anaifungia waya bapa wa 1.5 wenye ethi, ule wa kupita ukutani.

Kazi nyingine ilikuwa safi: kaboni mpya, mkanda mpya, visu vimelingana.

Ila waya! Aliuminya kwa vidole, akasema mnene huu, hauungui. Hesabu inamkatalia. Wati 580 kwa volti 230 ni ampea 2 na nusu. Waya laini wa 0.75 unabeba 6. Waya wa randa haumalizwi na uchache wa shaba, unamalizwa na kukunjwakunjwa. Waya laini wa 0.75 una nyuzi 24 nyembamba. Wa nyumba una uzi mmoja mgumu. Uzi huo ukipinda kila unaposukuma randa, unakatikia shingoni mwa mpini, ndani ya ganda, na nje huoni kitu. Siku ganda nalo likipasuka, aliyeshika randa yuko peku kwenye mchanga mbichi wa ziwa.

Kisha kibano cha kushikilia waya. Kimeundwa kwa waya wa mviringo, waya bapa ukakataa kukaa. Ethi aliikata, na hapo sina neno: randa hii ina kinga mbili, haina pa kuifunga. Lakini kibano alikiacha, akazungushia tepu, akafunika. Skrubu zake mbili zikabaki mezani. Tangu hapo, kila waya ukivutwa, kinachovutwa ni swichi.

Tepu! Nimelipigia kelele hili miaka na miaka. Tepu si kibano, kama vile kijiti kwenye tundu la juu la soketi si plagi, na kipande cha waya si fyuzi.

Mzee aliyenifundisha kuranda mbao za mitumbwi hapa mwaloni alianzia randa ya mkono. Alipopata ya umeme, dukani aliomba waya mweusi wa mpira, wa mviringo, ulioandikwa H05RN-F, na hakukubali chini ya mita 5. Ubao wa mtumbwi ni mrefu. Waya ukiwa mfupi, kiungo cha ekstensheni kinanasa kwenye ncha ya ubao, randa inasita, visu vinachimba. Yeye waya aliupitisha begani, ukamfuata nyuma hadi mwisho wa ubao. Na kabla ya kulipa alikwangua ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, anaurudisha.

Fundi wangu, mikono yako ni mizuri, kaboni zile zinashuhudia. Ifungue tena. Weka waya wa mpira, rudisha kibano, kaza skrubu zote mbili. Kisha uvute waya kwa nguvu mwenyewe, kabla hujampa mwenye randa.