Mzaha na Heshima katika Filamu ya "Afronauts"

Mwaka 1964 mtangazaji wa televisheni wa Kiingereza alimhoji Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, mwalimu na mpigania uhuru, aliyekuwa akiwabingirisha vijana mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee safari ya mwezini. Taarifa yake aliimaliza kwa kuafiki kwamba watu hao ni punguani. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi. Hapo hapakuonekana kichekesho, kwani roketi ilikuwa ya Marekani.

Filamu fupi ya Nuotama Bodomo, msanii mwenye asili ya Ghana, iliyotoka mwaka 2014, yamjibu mtangazaji huyo. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na matukio yake yamewekwa Julai 1969, Wamarekani wakiwa tayari kuruka. Shujaa ni kijana Matha Mwamba, anayeigizwa na Diandra Forrest, mwenye ualbino. Kamera humtazama kwa utulivu hata hadhira isithubutu kucheka.

Dosari nayo imo humo humo. Nkoloso mwenyewe alikuwa mcheshi. Aliandika kwamba mmishenari angesafiri pamoja na msichana yule na paka wake hadi Mirihi, ila alikwisha kuonywa asiwalazimishe wenyeji wa huko kuwa Wakristo. Aliyepata kutawaliwa hahitaji kufafanuliwa tashtiti hiyo. Bodomo amemrudishia Nkoloso heshima, akamnyang'anya ulimi. Aliyefaidika ni Matha: katika taarifa za 1964 alitajwa sambamba na paka, hapa ana hofu yake mwenyewe.