Amri na Usemi Katika Mstari Mmoja

Programu ya mazungumzo iitwayo Internet Relay Chat, iliyobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwaka 1988, ilieneza kanuni moja ya uandishi ambayo hata Slack na Discord, zilizozuka robo karne baadaye, zimeishika. Mstari unaoanza kwa mkwaju (/) ni amri kwa mashine. Mstari usioanza hivyo ni usemi kwa watu. Aandikaye /join na jina la baraza huingia barazani. Aandikaye join bila mkwaju huwa amelitamka neno hilo mbele ya wote waliomo. Kanuni hii imesifiwa kwa wepesi wake, na wepesi huo upo. Hata hivyo, ikipimwa kwa vipimo vya lugha, ina kasoro isiyo ndogo.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, msemaji humwonyesha amsemeshaye kwa njia nyingi kwa pamoja: jina, jicho, kiimbo, hata umbo la kitenzi. Njia moja ikipotea, nyingine hubaki. Hapa kazi yote imetwikwa alama moja, tena nyembamba. Nayo ikipotea, mstari hauendi kapuni, hutangazwa. Katika mitandao inayosajili majina, mtumiaji huandika /msg NickServ identify, kisha neno lake la siri. Mkwaju ukisahauliwa, au, katika baadhi ya programu, ukitanguliwa na nafasi tupu, neno la siri husomwa na baraza zima. Kinyume chake, akikosea tahajia ya amri yenyewe, aghalabu hujibiwa faraghani tu kwamba amri hiyo haijulikani. Kosa dogo lafichwa, kosa kubwa lapigiwa mbiu! Ingalitosha programu iuzuie mstari ambao neno lake la kwanza lafanana na jina la amri, iulize kwanza. Atakayedai kuwa swali hilo lingechosha na akumbuke kwamba ni mara chache mtu huanza maongezi kwa neno kama identify.

Amri ya /me yastahili kutajwa kwa sababu ya sarufi yake. Juma akiandika /me anacheka, wenzake husoma jina lake likifuatwa na neno anacheka. Jina la amri ni la nafsi ya kwanza, kitenzi ni cha nafsi ya tatu. Kiingereza huuficha mgongano huo; Kiswahili huuanika, kwani aandikaye /me ninacheka huzaa sentensi isiyosemeka: Juma ninacheka.

Suala la majina ya amri ni zito zaidi. Mfasiri aliyezoea baadhi ya kamusi aweza kuziita kuingia, kufukuza, kuondoka, kunyamazisha. Lakini programu nyingi hupendekeza amri kwa kufuata herufi za mwanzo. Mwenye kuandika /ku ataletewa orodha nzima, na msaada wote umekwisha. Umbo la kuamrisha, yaani ingia, fukuza, ondoka, nyamazisha, hutofautiana tangu herufi ya kwanza. Tena ndilo umbo la haki, maana mashine inaagizwa, haisimuliwi.

Pabaki tatizo la yambwa. Kiswahili sanifu hutaka mfukuze Ali, na wakiwa wengi, wafukuze. Fukuza Ali huchoma sikio. Kulazimisha umbo moja ni uvivu wa mbuni. Programu na ikubali yote matatu, kwa kuwa amri moja yaweza kubeba majina kadhaa bila gharama yoyote ya maana. Wala kisingizio cha kiufundi hakipo. Kwa mujibu wa kanuni zilizochapishwa mwaka 1993, seva haiuoni mkwaju kamwe: programu ya mtumiaji huuondoa, na mahali pa /msg hupeleka neno PRIVMSG. Ikiwa msg yaweza kugeuzwa njiani, mnong'oneze nayo yaweza.