Msanifu Kijana Atafute Wapi Mawazo Yake? Funzo la Paa la Nanganga

Vijana wetu wanaosomea usanifu wa majengo huulizana mara kwa mara: wazo la kubuni jengo hutoka wapi? Wako wanaojibu kwamba hutoka katika kipaji cha mtu, kama kwamba kipaji ni chemchemi isiyohitaji mvua. Wako wanaolitafuta katika picha za majumba ya Ulaya, Marekani na Dubai. Na wako wanaosema hutoka katika mila, lakini wanapofika kwenye karatasi huchora jumba lile lile la kigeni, kisha wakalibandika kinyago cha Kimakonde mlangoni. Majibu haya matatu yana kosa moja: yote yanamtenga msanifu na kazi za watu atakaowajengea.

Ili hoja hii isibaki hewani, tuichukue mpaka Nanganga. Hapo ni njia panda katika bonde la mto Lukuledi. Barabara itokayo Lindi na Mtwara kwenda Masasi hupita hapo, na hapo ndipo ichepukapo ile ya Ruangwa. Upande wa kusini panapanda uwanda wa juu wa Makonde, ambako ndiko Newala. Kwa msafiri mwenye haraka nyumba za njiani hazina la kumfundisha. Kwa msanifu mwenye macho ni chuo kizima.

Jambo la kwanza la kujifunza ni maji. Udongo wa uwanda ule hunywa mvua upesi, na juu yake hakuna mito ya kudumu. Wazee waliokaa huko walikuwa na sababu zao. Katika karne ya 19 vichaka vizito viliwapa kinga dhidi ya uvamizi na biashara ya watumwa, na ardhi ilifaa kwa kilimo. Gharama ya usalama huo ilikuwa kiu, na waliolipa zaidi walikuwa wanawake, walioteremka hadi chemchemi za chini ya miteremko na kupanda tena na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, wenye visima vyake Mitema katika bonde la Kitangari, ulianzishwa kupambana na hali hiyo. Basi msanifu anayechora nyumba ya Newala bila kuanza na swali la maji hajaanza kazi.

Jambo la pili ni vifaa. Nyumba ya zamani ilijengwa kwa miti, mianzi, udongo na nyasi. Vyote vilipatikana karibu na mjengaji, na majirani walishirikiana kukandika na kuezeka. Kuta zake hupunguza joto, na ukingo wa paa huifunika baraza ambayo ni sebule, karakana na mahali pa kuamulia mashauri. Lakini tusiisifu kwa upofu. Mchwa huila, moto huiteketeza, nyasi hazina budi kubadilishwa, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye nyasi ni machafu.

Hapa tunakutana na suala zito la kinadharia. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikemea vikali tabia ya kudhani kwamba bila saruji na bati hakuna nyumba, akaiita ulemavu wa fikra. Alikuwa na haki. Nchi yenye udongo wa kufyatulia matofali inapongoja mifuko ya saruji, inakuwa imejifunga kamba yenyewe. Hata hivyo, kada anayelikariri karipio hilo bila kuchambua hali halisi ataambiwa nini na mama wa Newala anayeweka akiba ya fedha za korosho ili anunue bati? Je, mama huyo ana kasumba?

Tufanye hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Chukua paa la bati la mita 50 za mraba na mvua ya milimita 900 kwa mwaka: ni lita 45,000. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita 36,000. Familia ya watu 5, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia lita 100. Kwa hiyo paa hilo linaweza kuihudumia kwa takriban siku 360. Mama hakosei. Bati lake ni chombo cha uzalishaji, nalo linapunguza safari ya mtungi. Lililokosewa ni ukuta wa saruji unaouzwa pamoja na bati kama kwamba ni mapacha, wakati tofali la udongo lililochomwa au kushindiliwa vizuri lingetosha.

Lakini hesabu haijaisha. Kule mvua huja kwa msimu mmoja. Kiangazi cha siku 200 kinadai tangi la lita 20,000, na tangi hilo ni mzigo mkubwa kwa mkulima mmoja. Paa la shule lenye mita za mraba 400, kwa hesabu ile ile, hukusanya lita 288,000 kwa mwaka. Hapo ndipo fikra ya ujamaa inapoacha kuwa kaulimbiu na kuwa mchoro: paa la umma, mfereji wa umma, tangi la umma. Kijana aliyekuwa akitafuta wazo amelipata, nalo limetoka katika mgongano baina ya mvua nyingi na kiu ya muda mrefu.

Mfano wa mbinu hii tunao. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Ndugu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, limefunikwa kwa maganda ya zege yaliyopanuka mithili ya miavuli au miti. Amuli alisomea Haifa, na zege si kifaa cha mababu. Lakini alianza na soko la Kiafrika lenyewe: watu, mizigo, kivuli na hewa inayopita. Tena miavuli ile iliundwa ipokee mvua na kuiteremsha ikusanywe chini. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko, lakini haukuiunguza hoja yake. Wanaoliiga Kariakoo kwa kuchora miavuli popote pale hawakulielewa. Cha kuiga ni swali alilouliza Amuli. Jibu la Nanganga litakuwa na umbo jingine.

Lazima pia tujikosoe sisi wenyewe. Wakati wa Operesheni Vijiji, hasa miaka ya 1974 hadi 1976, mahali pengi nyumba zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara. Shabaha ya kuwafikishia watu shule, zahanati na maji ilikuwa sahihi. Lakini mchoro ulifuata kamba ya mpimaji kuliko njia ya mkulima, na wengi wakawa mbali na mikorosho yao. Uzalishaji wa korosho nchini ulishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi tani 16,500 hivi mwaka 1986/87. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini umbali kati ya nyumba na shamba ulikuwa miongoni mwa sababu. Mstari wa penseli una uzito wa kiuchumi. Asiyejua hilo asikabidhiwe penseli.

Kutokana na hayo, majukumu ya msanifu kijana ni wazi. Kwanza, kabla ya kuchora, aishi na watu na kupima: mama anatembea umbali gani, korosho zinaanikwa wapi, mvua inapiga ukuta upi. Pili, akichambue kila kifaa kwa kazi yake, asikipende wala kukichukia kwa sababu ya kilikotoka. Tatu, afundishwe na mafundi wa kijiji, kwa maana fundi aliyejenga nyumba nyingi ameziona nyingi zikianguka. Nne, mchoro wake urudishwe baraza la kijiji ukosolewe kabla ya msingi kuchimbwa.

Na kada wa Chama naye ana wajibu wake. Inapoletwa ramani ya shule, zahanati au ghala, asiridhike kuuliza itagharimu kiasi gani na itazinduliwa lini. Aulize maji ya paa lake yatakwenda wapi.